Watoto wa miaka 9 mpaka 12: tuanze jangwani au mlimani? (niko Maskati)

Mama Wawili, Maskati

Assalaam alaykum jamani, nisaidieni mawazo. Sie wazazi kadhaa hapa Maskati, wengi asili yetu Unguja na Pemba, tuna darasa letu la Jumamosi la Kiswahili na Qur'ani, watoto 18. Wiki iliyopita nimewauliza, maji ya kwenye falaj, ule mfereji wa kizamani wa kumwagilia mashamba, yanatoka wapi? Mmoja kanijibu "kwenye tangi". Tangi! Mtoto kazaliwa Oman hii hii, milima anaiona kila siku dirishani mwa gari, hajapata kuigusa hata kwa kidole. Wanachojua ni moli, eyasii na tableti basi.

Sasa nataka tuwatoe, Ijumaa na Jumamosi, mwezi wa kumi na mbili hivi jua likishatulia. Mume wangu anasema Jebel Shams, kwa sababu ndio mlima mrefu kuliko yote nchini, kama mita 3,000, watoto wakajisifu shule. Mie moyo uko mchangani, jangwani huko Bidiya. Magari ya fo-wili tunayo manne. Naogopa mambo mawili, mtoto kuanguka na mtoto kuboreka, na la pili ndio linaninyima usingizi zaidi wallahi. Aliyewahi kuchukua watoto aniambie kweli, sio za Instagram.

Dereva wa Mchangani

Wa alaykum salaam bibie. Mzee wa nyumba mwambie kwa heshima, Jebel Shams asubiri wakue. Ile njia inayosifiwa, kutoka Al Khitaym mpaka kile kijiji kilichohamwa, kweli haina kupanda sana, lakini upande mmoja ukuta wa mwamba upande wa pili shimo la mamia ya mita na hakuna hata kamba. Watoto 18 wanaosukumana? Mie mtu mzima nimepita pale nimeshika ukuta kama naomba msamaha.

Mchangani mtoto akianguka anacheka. Ila msifanye kama wanavyofanya wengi, wanafika, wanapandishwa matuta kwa gari wanapiga makelele, nyama choma, usingizi, asubuhi saa tatu wanaamka jua kali wanarudi. Hapo umewaonyesha gari, jangwa hawajaliona. Fikeni saa kumi alasiri, toeni upepo kwenye matairi mpaka psi 15 au 18 hivi, piga hema, lala mapema. Amsha watoto kabla jua halijatoka na kabla upepo haujaanza kufuta. Mchanga wote una alama za waliopita usiku, mbawakawa anaacha mstari kama wa cherehani, mjusi kaburura mkia katikati ya nyayo zake, mbweha yeye kapita moja kwa moja kama ana miadi. Mpe kila mtoto alama moja aifuate mpaka inapoishia. Nilikuwa na kijana mmoja, miaka kumi, kafuata mbawakawa karibu nusu saa, alama zikaishia ghafla na pembeni pana kucha za ndege. Akakaa kimya weee, kisha akaniuliza "Ami, kaliwa?" Nikamwambia kaliwa. Njia nzima kurudi anamhadithia kila mtu.

Kingine, nunua tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayokagulia noti feki. Usiku ukimmulika nge anawaka rangi ya kijani kibichi, watoto watapagawa. Ndio maana pia ndara marufuku, raba tu, na asubuhi kila mtu akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Nyoka wa pembe yupo na anajifukia mchangani, sio wa kutishia watoto ila waambie wasichokoe chini ya vichaka kwa mikono.

Bint Unguja, Seeb

Mie nitampinga Dereva kidogo. Mchanga mzuri lakini shoga yangu, mtoto kakuambia maji yanatoka kwenye tangi! Hilo si ndio swali lenyewe tena, kwa nini mkimbilie Bidiya? Wapelekeni wafuate maji kurudi nyuma. Anzeni Birkat al Mawz, pana Falaj al Khatmeen, ni moja ya zile falaj tano UNESCO walizoziingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Pale maji yanagawanyika mikondo mitatu sawasawa, wape majani wayaelee washindane, watakaa hapo saa nzima hamjalipa hata baisa. Waambie zamani zamu ya maji ilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku, shamba hili dakika zake shamba lile dakika zake, na watu waligombana kweli kweli.

Halafu pandeni Jebel Akhdar, hapo hapo pana kizuizi cha polisi, gari ndogo wanairudisha ndio maana hizo fo-wili zenu zitakuwa na kazi. Juu kama mita 2,000. Kuna njia ya vijiji, Al Aqr, Al Ayn mpaka Ash Shirayjah, mnapita kwenye mashamba ya ngazi ngazi, mifereji inapita pembeni ya miguu. Mawaridi mwezi wa kumi na mbili hamtayakuta, hayo mpaka Machi Aprili, lakini baridi mtaikuta, chukueni makoti jamani watoto wa Maskati hawajui baridi. Na wakague mawe! Milima hii mingi ilikuwa chini ya bahari, mwanangu kaokota jiwe lina kombe ndani yake, kalala nalo chini ya mto wiki nzima.

Na la kuogopesha, sio nge. Wadi, yale mabonde makavu yanayopitisha maji ya mvua. Aprili 2024 kule Samad al Shan mafuriko yalichukua watoto wa shule, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mvua inanyesha mlimani, ulipo wewe jua linawaka, maji yanakuja. Msipige hema kwenye wadi hata pakavu vipi, na utabiri ukitaja mvua mnaahirisha, hata kama biriani limeshapikwa.

Mwalimu wa Moshi

Aisee dada, mimi jangwa sina, mlima ninao. Mara ya kwanza kupeleka watoto niliharibu kabisa. Darasa la sita, Kilimanjaro, geti la Marangu mpaka kambi ya Mandara, mita 2,720, kwenda na kurudi siku moja, mimi na filimbi nawakimbiza tuwahi kwa sababu kichwani kwangu safari ni kufika. Tukafika. Shuleni nikasema andikeni mlichoona, karibu wote wameandika walichokula Mandara na nani alitapika. Msitu wote ule, mbega juu ya vichwa vyetu, hakuna!

Mwaka uliofuata hata nusu ya njia hatukumaliza. Wawili wawili, kila jozi na kazi moja tu, hawa watafute mmea unaoota juu ya mmea mwingine, hawa wahesabu sauti tofauti macho wamefumba. Mtoto mmoja ambaye darasani hata jina lake anaandika kwa kusukumwa alilala kifudifudi dakika ishirini anaangalia siafu wanavuka njia, nikamwacha. Anayetembea pole pole kuliko wote muweke mbele, sio nyuma, akiwa nyuma kila akiwafikia wenzake ndio wanaondoka, hapumziki kabisa. Halafu suala la choo mlipange mapema hasa kwa wasichana, mtoto anayejibana haoni mlima wala jangwa.

Mama Wawili, Maskati

Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Basi Desemba tunaanza na maji, Birkat al Mawz na Jebel Akhdar, mwendo mfupi, aliyesema tangi ndio atatangulia mbele. Mchanga Januari, na wewe Dereva usijifiche nitakutafuta. Mume wangu kasoma habari ya ukuta na shimo kanyamaza, kisha kasema "nilikuwa natania".

Hiyo tochi ya noti nitaipata madukani hapa Ruwi?

Dereva wa Mchangani

Utaipata, ila ijaribu dukani kwanza. Toa noti yako umulike.