Rasi Ghuli (Algol): saa sahihi ya kupatwa, na kwa nini nyota nyepesi ndiyo iliyozeeka?

Tazamo_Dom

Habari wakuu. Naandaa kupima kupatwa kwa Rasi Ghuli, ile Algol ya kundinyota Farisi (Perseus), nikiwa Dodoma. Hiyo ni nyota mbili zinazozungukana, na moja ikipita mbele ya nyingine mwangaza hufifia. Vifaa ni macho na kamera yenye lenzi ya mm 50. Nimekwama mahali patatu:

1. Nikihesabu mbele kwa kipindi cha siku 2.87, saa ninazopata hazikaribiani kabisa na jedwali la saa za kupatwa.
2. Nyota zipi zinafaa kulinganishia mwangaza?
3. Nyota iliyovimba na kuzeeka ina masi ndogo kuliko mwenzake. Nyota nzito si ndiyo huzeeka mapema?

Kokotoa

Naanza na la kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Siku 2.87 ni kifupisho kibaya. Kipindi ni siku 2.86732 hivi, yaani siku 2, saa 20 na dakika 49. Ukitumia 2.87 unakosea karibu dakika 4 kila mzunguko. Mwaka mmoja una mizunguko 127, kwa hiyo kosa linafika saa 8. Tumia tarakimu zote tano baada ya nukta, na uanzie kwenye kupatwa kwa karibuni kuliko kwa miaka 30 iliyopita, kwa sababu kipindi chenyewe husogea kidogo.

Kosa la pili ni saa zetu. Majedwali hutumia UT, yaani saa ya dunia (ya Greenwich). Ongeza 3 upate saa ya Afrika Mashariki, kisha ndipo uigeuze kuwa saa ya Kiswahili: 18:00 UT ni saa 3 usiku. Tarehe nayo inateleza: 22:00 UT ya tarehe 9 ni saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 10. Na ukikuta siku za Julian, yaani siku zinazohesabiwa mfululizo bila miezi wala miaka, siku hizo huanza adhuhuri ya UT, kwetu saa 9 alasiri.

Tatu, angalia kama jedwali limesahihishwa kwa Jua, yaani linatoa saa kama ambavyo ingeonekana kutoka kwenye Jua. Katikati ya Novemba Dunia iko upande wa Rasi Ghuli, hivyo tunaona kupatwa karibu dakika 8 kabla ya saa ya kwenye Jua. Mwezi Mei ni kinyume chake.

Kwa kupanga usiku, kumbuka haya: kila kupatwa kunafuata siku 3 baadaye, mapema kwa saa 3 na dakika 11. Kukitokea saa 8:00 usiku, kunakofuata ni saa 4:49 usiku, halafu saa 1:38 usiku, kisha kunaingia mchana. Mizunguko 15 ni siku 43 na dakika 14, kwa hiyo ukikosa kwa mawingu, hesabu siku 43 na utakukuta karibu saa ileile.

Farisi41

Kwa Dodoma nyota hii haipandi juu sana: ikiwa kaskazini kabisa inafika digrii 43 hivi. Inakaa juu ya digrii 20 kwa saa 7 na nusu tu, na kupatwa kote kunachukua karibu saa 10. Huwezi kukuona kote kwa usiku mmoja, na wala huhitaji. Kamata saa 3 kabla ya kiini (katikati ya kupatwa, inapofifia zaidi) na saa 3 baada yake. Mwangaza mwingi unapotea na kurudi humo. Septemba hadi Novemba ndiyo miezi ya kazi, kabla mvua hazijakolea.

Nje ya kupatwa Rasi Ghuli ina magnitudi (kipimo cha mwangaza; namba kubwa ni hafifu zaidi) 2.1, kwenye kiini 3.4. Za kulinganishia: Almach 2.1, Epsilon Persei 2.9, Delta Persei 3.0, Alpha Trianguli 3.4. Usiguse Rho Persei. Iko jirani kabisa na inavutia, lakini nayo hubadilika, kati ya 3.3 na 4.0, na itakuharibia mchoro wote wa mwangaza bila wewe kujua.

Kadiria kila dakika 15, ukikaribia kiini kila dakika 10. Ukiiona theluthi ya njia kutoka Epsilon (2.9) kwenda Alpha Trianguli (3.4), andika 3.1. Usitazame kadirio lililopita kabla ya kuandika jipya.

Usiamini saa uliyoona imefifia zaidi, kwa kuwa pale chini mchoro ni bapa. Chukua mwangaza uleule wakati wa kushuka na wa kupanda: ikiwa 3.0 ilipita saa 4:12 na kurudi saa 7:00, katikati ni saa 5:36. Fanya hivyo kwa ngazi nne au tano, kisha toa wastani.

Masi_na_Mzingo

Swali la tatu ndilo tamu. Namba zilizopimwa: nyota A, ya aina B8 (buluu na ya moto sana), ina masi 3.17 za Jua na nusukipenyo 2.73 za Jua. Nyota B, ya aina K (ya machungwa na baridi zaidi), ina masi 0.70 na nusukipenyo 3.48. Ipo na C, masi 1.76, inayozunguka hao wawili kwa siku 680 hivi.

Kwa kanuni ya Kepler, A na B zimeachana kizio astronomia (umbali wa Dunia hadi Jua) 0.062, sawa na nusukipenyo 13.3 za Jua. Sasa tafuta ukubwa ambao B haiwezi kuuvuka bila gesi yake kumwagikia A, yaani tundu la Roche. Gawa masi ya B kwa jumla, 0.70/3.87 = 0.181, kipeuo chake cha tatu ni 0.566, zidisha kwa 0.462 (namba ya kudumu ya kanuni hii), kisha kwa 13.3. Jibu ni 3.48. B imejaa mpaka ukingoni!

Basi B ndiyo iliyokuwa nzito. Ilizeeka kwanza, ikavimba, ikagonga ukingo huo, na gesi yake ikahamia kwa A hadi uzito ukapinduka. Umri wake haukubadilika, ila masi.

Mwanaastronomia Mwingereza Goodricke alitangaza kipindi hiki mwaka 1783 na kupendekeza kwamba kitu cheusi hupita mbele. Spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi) za Mjerumani Vogel zikathibitisha mwaka 1889. Lakini B si nyeusi, ina kelvini 5,000 hivi dhidi ya 13,000 za A. Ndiyo maana A inapoificha B mwangaza unapungua chini ya magnitudi 0.1, na jicho halioni kitu.

C nayo inagusa vipimo vyako: inavuta A na B mbele na nyuma, na kupatwa kunawahi au kuchelewa hadi dakika 7 hivi.

Tazamo_Dom

Asanteni sana. Na kamera bila kifaa cha kufuatilia nyota?

Farisi41

Sekunde 5, f/4, ISO 400, faili ghafi (RAW). Legeza fokasi kidogo nyota isambae pikseli 10 hivi, la sivyo katikati inajaa na kipimo kinakuwa bure. Pima chaneli ya kijani, wastani wa picha 10 hadi 20. Linganisha na wastani wa Delta, Epsilon na Zeta Persei kwa pamoja, kwa sababu Epsilon peke yake hutikisika kidogo. Kappa Persei (3.8), digrii 4 tu kutoka hapo, iwe ya kukagua: ikisogea nayo, tatizo ni anga au fokasi.