Mjadala: Tiba kazi ijitetee kwa idadi ya wagonjwa au kwa shughuli zilizorejea?

Langoni (mwanzisha mada)
Assalam aleikum wana Lamu na Malindi. Bajeti ya afya ikijadiliwa, swali ni lile lile: kwa nini kaunti iajiri mtu wa tiba kazi, wale wanaoitwa OT, wanaomrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, ilhali fizio, tabibu wa viungo, yupo? Naona wataalamu wenyewe wanajieleza vibaya. Wakisema "tunarejesha utendaji wa mikono", mwakilishi wadi anasikia habari ya kukandwa. Tajeni shughuli! Mtu wa kiharusi fizio amemsimamisha na kumtembeza, vyema. Nani atamfundisha kuvaa kanzu kwa mkono mmoja (mkono mbovu huingia kwanza, wakati wa kuvua hutoka mwisho), kuchota maji kwa kata, kuchutama chooni, kukalia mbuzi na kukuna nazi bila kifuu kumponyoka?

Mhasibu wa Maweni
Ndugu yangu, kamati haigawi pesa kwa habari za nazi. Inataka tarakimu, na tarakimu zipo. Kipimo cha Barthel kinatumika tangu 1965: shughuli kumi za kila siku, alama 0 hadi 100. Mpimeni mgonjwa siku ya kwanza, mumpime tena baada ya wiki sita, muandike tofauti. Mkiandika mahudhurio peke yake, aliyekuja mara kumi bila nafuu anaonekana bora kuliko aliyejiweza kwa mara tatu. Na kalenda mnaisahau. Waraka wa mkakati wa fedha hutakiwa bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili. Anayekuja kujitetea Juni ameikuta mashua imeshang'oa nanga.

Mkomani
Barthel nakubali nusu. Inauliza ngazi, na nyumba zetu za ghorofa zina ngazi za kusimama wima, sawa. Lakini haiulizi kutia udhu, kukaa mkekani wala kushona nyavu. Mvuvi anaweza kupata 100 kamili na bado sindano ya nyavu haishiki. Kwa huyo tumieni kipimo ambacho mgonjwa mwenyewe hutaja shughuli zake, mwisho tano, akajipa alama 1 hadi 10 kwa anavyoifanya na nyingine kwa anavyoridhika. Ikipanda 2 au zaidi huhesabiwa mabadiliko ya maana. Huharibika mgonjwa akiulizwa mbele ya jamaa zake, maana atataja wanachotaka wao. Muulizeni faraghani.

Na hili la "fizio anafanya yale yale": fizio wana sheria yao ya 2014, tiba kazi ina yake ya 2017. Ni taaluma mbili.

Tabibu wa mikono, Malindi
Mhasibu, nakupa mfano unaohesabika. Mtoto ameungua nyuma ya mkono. Kovu huendelea kuvuta kwa miezi, na vidole hupinda vibaya. Kinga ni kishikizo cha plastiki: kifundo cha mkono kiinuliwe digrii 20 hadi 30, viungo vya ngumi, pale vidole vinapoanzia, vikunjwe 70 hadi 90, vidole vinyooke. Plastiki hiyo hulainika kwenye maji ya nyuzi kama 65 hadi 70, ndiyo maana ikiachwa juani kwenye dau au gari lililofungwa inaweza kupoteza umbo. Ioshwe kwa sabuni na maji baridi.

Kinachoharibu kazi ni marudio. Uvimbe ukishuka kishikizo kinalegea, na mgonjwa wa Pate au Kiunga harudi kurekebishiwa kwa sababu ya nauli. Familia iambiwe mapema: kikivuliwa, alama nyekundu isipofifia ndani ya nusu saa, kisivaliwe tena mpaka kirekebishwe.

Sasa weka plastiki, saa za mtaalamu na nauli upande mmoja. Upande wa pili weka chumba cha upasuaji, kitanda, ngozi ya kupandikiza, na nauli za mgonjwa na msindikizaji wake.

Mhasibu wa Maweni
Hapo umenishika, daktari. Hesabu hiyo naitetea mbele ya kamati yoyote. Ila msidai kila kovu lingeishia kwenye kisu. Mkaguzi ataibomoa kwa swali moja.

Mama wa Ganda
Mbona hesabu zenu hazimwoni mlezi? Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akipata kiti kinachomfaa, nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikikaa digrii 90, hula akiwa wima na hatari ya kupaliwa hupungua. Mama naye mikono yake inakuwa huru, anapika, anauza mahamri. Saa hizo ziandikwe. Kiti hutengenezwa hata kwa maboksi, karatasi na gundi ya unga, ila kipakwe vanishi, la sivyo unyevu wa masika utakimaliza. Na msichonge kikubwa eti "akue nacho". Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili. Kina kikizidi, mtoto huteleza mbele na mgongo hupinda.

Langoni
Mama umesema. Basi tuwapeleke watoto wenyewe mbele ya kamati, waone.

Mama wa Ganda
Hapana, mwanangu. Mtoto si kielelezo. Pelekeni kiti na daftari la saa za mama. Mkitaka picha, ombeni idhini ya mzazi kwa maandishi, na uso usionekane.