Naomba ushauri: ua langu la Usambara linaoza moyo

Binti Muheza (Dar es Salaam)
Nawasalimu nyote. Miaka miwili iliyopita shangazi yangu wa Muheza alinipa mche wa ua la Usambara, lile lenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau, ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia. Lilistawi vizuri katika kikopo kidogo mpaka nilipolihamishia kwenye chungu kikubwa chenye udongo wa shambani na samadi, nikawa nalimwagilia kila jioni kwa mpira. Sasa majani yana mabaka meupe, na katikati, pale yanapochipukia majani machanga, pamekuwa peusi na laini. Je, ni joto la Dar ndilo linaloliua? Binamu yangu amejitolea kuning'olea mengine kwenye miamba ya msitu wa Amani iwapo hili litakufa.

Mzee wa Lushoto
Binti yangu, usilisingizie joto kabla hujakitazama chungu. Porini mmea huu huota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, mara nyingi karibu na vijito, ambako mizizi yake mifupi hushika mboji kidogo tu ya majani yaliyooza, na maji ya mvua hupita bila kutuama. Chungu kikubwa hubaki na unyevu ambao mizizi haiwezi kuumaliza, ndipo uozo unapoanza. Mabaka nayo hutokana na maji baridi yanapolowesha majani yenye joto. Tumia chungu kifupi chenye matundu, jaza mboji iliyochanganywa na mchanga wa mtoni na vipande vya mkaa, kisha weka maji kwenye sahani ya chini kwa nusu saa na umwage yanayobaki. Rudia pale tu udongo wa juu unapokauka.

Mama Kaloleni
Namuunga mkono mzee, na kuhusu joto naomba niongeze jambo. Huku kwetu Kilifi, kwenye miamba ya chokaa ya Kaloleni, ipo jamii ya ua hilihili, nasi si watu wa baridi. Kinacholiumiza ni jua kali la moja kwa moja, kwa hiyo liweke karibu na dirisha la mashariki, lipate mwanga wa asubuhi pekee.

Moyo ukishaoza, dada, mmea wenyewe ni vigumu kuponya, lakini majani ya pembeni yaliyo mazima yanaweza kukupa miche mipya. Kata jani pamoja na kikonyo chake, ubakize kikonyo cha sentimita 3 hivi, likate kwa mshazari kwa wembe safi, uliache lipumzike kidogo, kisha ulichomeke kwenye mchanga wenye unyevunyevu na kulifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 au 4. Vichipukizi vyataka subira ya miezi 2 au zaidi. Chomeka majani kadhaa, kwani mengine hufa tu bila sababu ya kueleweka.

Mpenda Mimea
Je, maji yako ni ya kisima? Chumvi hujikusanya kwenye udongo na kuunguza vikonyo. Mimi hukinga ya mvua.

Mzee wa Lushoto
Nilisahau suala la binamu. Mwambie asithubutu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alimpelekea baba yake mmea huu Ujerumani, na leo umejaa madirishani kote Ulaya na Marekani, ilhali huku kwetu msitu unaoukinga unazidi kukatwa. Kuna aina, kama ile ya Mbololo katika milima ya Taita, ambazo porini hazionekani kwingine kokote. Kuing'oa ili ikafie sebuleni Dar ni hasara, na kwa nini uing'oe, ikiwa jani moja kutoka kwa shangazi latosha?

Binti Muheza
Nawashukuru sana. Kweli maji yangu ni ya kisima, tena ya chumvi. Nimepata majani mazima 4 nikayachomeka leo asubuhi, binamu nimemzuia, na shangazi ameahidi kunitumia majani mengine 2 kwa basi la kesho, yakiwa yamefungwa kwenye karatasi yenye unyevu.