Mjadala: Mtandao wa televisheni ukikitema kituo cha mji baada ya miaka 32, serikali iingilie? Kisa cha Chaneli 7 ya Miami

Mleta mada

Wakuu, salaam zenu.

Tarehe 4 Agosti 2025 huko Miami, Florida, ABC, mmoja wa mitandao mikubwa ya televisheni Marekani, ilihama. Kituo cha WPLG, chaneli 10, kilichokuwa nayo tangu miaka ya 1950, kilishindwa kuelewana nayo kwenye mkataba mpya. ABC ikaenda kwa jirani, WSVN, ikawekwa kwenye chaneli yake ya ziada, 7.2. Kila mambo haya yakitokea Marekani hoja inayozuka ni ileile: kituo kimelijenga jina la mtandao kwa miongo, leo kinaachwa solemba, kwa nini FCC, tume yao ya mawasiliano, isiweke sheria ya kukilinda?

Mimi nasema isiweke. Na shahidi wangu ni huyo huyo jirani aliyeipokea ABC, kwa sababu naye aliwahi kuachwa.

Kwanza tuelewane kuhusu mfumo. Kwetu ITV au Citizen ni chombo kimoja, mtu wa Mwanza au wa Mombasa anaona kilekile anachoona mtu wa makao makuu. Kule NBC, CBS, ABC na Fox zinamiliki vituo vichache tu, hasa kwenye miji mikubwa. Vingine vyote ni mali ya watu wengine wenye leseni zao, na wanafanya kazi kwa mkataba. Mtandao unaleta tamthilia, mpira na habari za taifa; kituo kinaleta mnara, habari za mji na watazamaji. Zamani mtandao ndio uliokilipa kituo. Siku hizi upepo umegeuka: kituo kinaulipa mtandao, kutoka kwenye fedha kinazotoza kampuni za kebo na satelaiti.

Sasa kisa chenyewe. Chaneli 7 iliingia hewani Julai 1956 kwa jina la WCKT, ikiwa mshirika wa NBC. Wamiliki wa kwanza walinyang'anywa leseni baada ya kubainika kuwa walipenyeza ushawishi FCC kwa mlango wa nyuma, na Desemba 1962 kampuni ya Sunbeam, ya familia ya Ansin, ikachukua usukani. Mwaka 1983 jina likawa WSVN. Muda wote huo ni NBC tu.

Mwaka 1987 NBC ikanunua kituo kingine cha mji uleule, WTVJ chaneli 4, kwa dola milioni 270. Hapo ndipo mambo yalipochekesha. WTVJ ilikuwa mshirika wa CBS, na mkataba wa WSVN na NBC ulikuwa unaishia mwisho wa 1988. Ed Ansin, mwenye Sunbeam, hakuwa mtu wa kuachia kilicho chake mapema. Kwa hiyo kwa zaidi ya mwaka NBC ilimiliki kituo kinachorusha vipindi vya CBS, mshindani wake! Olimpiki ya Seoul ya Septemba 1988 ilikuwa ya NBC, na watu wa Miami waliitazama chaneli 7, kwa mtu ambaye NBC ilikuwa imeshaamua kumwacha.

CBS nayo ingeweza kumfuata Ansin. Ikaona nafuu kununua chaneli 6, WCIX, kwa dola milioni 59. WCIX ndiyo iliyokuwa na Fox, mtandao mchanga ulioanza Oktoba 1986, hivyo Fox ikabaki haina pa kukaa. Tarehe 1 Januari 1989 wote wakabadilishana kwa mpigo: NBC chaneli 4, CBS chaneli 6, na Fox, ambayo wakati ule haikuwa hata na vipindi vya kila usiku, ikaangukia chaneli 7.

Ansin na mkurugenzi wake wa habari, Joel Cheatwood, waliliziba pengo kwa habari: kama saa saba kwa siku, katika kituo cha Fox, wakati vituo vingi vya Fox vilikuwa vinarusha katuni na marudio. Kituo hakikufa, kilipata faida. Na Fox ilipochukua haki za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, Desemba 1993, kisha Mei 1994 ikafunga mkataba na kampuni ya New World wa kuhamisha vituo 12, vingi vya hivyo vilijaza ratiba kwa habari za mji, njia ambayo Miami ilikuwa imeipita miaka mitano kabla.

Sunbeam iliachwa tena na NBC ileile, safari hii Boston, kituo cha WHDH. Ansin alikwenda mahakamani, kesi ikatupwa Mei 2016, na kuanzia 1 Januari 2017 WHDH ikasimama bila mtandao wowote, habari asubuhi mpaka usiku. Mpaka leo ipo.

Hoja yangu ni kwamba sheria ya kukilinda kituo kisiachwe ingemlinda pia mmiliki mvivu, anayekaa miaka thelathini anakula tamthilia za watu na chumba cha habari chenye kamera mbili. Naomba kuwasilisha, mnikosoe.

Mama Kauli

Mleta mada umechagua shahidi aliyeshinda. Nenda San Francisco ukawaulize KRON.

KRON, chaneli 4, ilikuwa ya wenye gazeti la Chronicle na mshirika wa NBC tangu Novemba 1949. Familia ilipoamua kuuza mali zake mwaka 1999, NBC iliitaka, lakini kampuni ya Young Broadcasting ikapanda dau hadi dola milioni 823. NBC ikawaambia walioshinda: sawa, lakini mtatulipa dola milioni 10 kila mwaka, mtajiita kwa jina letu, na hamtakatisha ratiba yetu. Young wakakataa. NBC ikahamia KNTV ya San Jose kuanzia Januari 2002, na miezi michache baadaye ikainunua kabisa kwa dola milioni 230. Young walijaribu dawa hiyo hiyo ya Ansin, habari kwa wingi. Februari 2009 kampuni ikafilisika. KRON ikapita mikononi mwa Media General kisha Nexstar, na mwaka 2014 ikahama jengo lake la Van Ness ikaenda kupanga kwenye jengo la mshindani wake, KGO.

Utaniambia Young waliua kituo kwa deni lao. Ni kweli, deni lilikuwepo. Lakini bei ile ilikuwa bei ya kituo cha NBC. Mtandao ulipoondoka, thamani iliondoka nayo, deni likabaki.

Halafu umeruka kitu kuhusu hizo saa saba za Miami. Zilijazwa na nini? Maiti, ving'ora, utepe wa polisi na muziki wa kutisha. Mwaka 1994 baadhi ya hoteli za Florida Kusini ziliizuia chaneli 7 vyumbani zikihofia wageni wao. Kituo kikibaki bila vipindi kinatafuta kinachojaza saa kwa bei ndogo, na hakuna habari rahisi kupata kama ya uhalifu. Mnapohesabu ushindi, hesabuni na mtazamaji aliyeamini mji wake unaungua kila jioni.

Fundi Dishi

Mimi mambo ya bei siyajui sana, niulizeni ya minara.

Mnaongea kana kwamba mtandao ukihama kinachobadilika ni namba kwenye rimoti tu. WCIX, ile CBS iliyonunua kwa bei ya kutupa, ilikuwa rahisi kwa sababu. Orlando nako kulikuwa na chaneli 6, na vituo viwili vya chaneli moja lazima viachane umbali. Ndiyo maana mnara wa WCIX ulisimikwa kusini kabisa, karibu na Homestead. Mtu wa Fort Lauderdale na kaunti ya Broward, mwenye antena juu ya bati, usiku wa mwaka mpya 1989 alikuwa anaona CBS safi chaneli 4. Kulipokucha CBS iko chaneli 6 na skrini ni chenga. CBS ililijua hilo, ndiyo maana ilikwenda kumchukua na WPEC wa West Palm Beach, aliyekuwa na ABC, asaidie upande wa kaskazini.

Kimbunga Andrew cha Agosti 1992 kikauangusha mnara wa WCIX wenyewe. Tatizo la chenga lilimalizika Septemba 1995, CBS na NBC zilipobadilishana masafa: CBS ikaenda chaneli 4 kwa jina la WFOR, NBC ikahamia chaneli 6 na mnara wake wa shida. Kwa hiyo NBC iliyolipa milioni 270 kwa ajili ya chaneli nzuri, mwishoni ikajikuta na ile mbovu. Nilicheka.

San Francisco ugonjwa ule ule. KNTV ilikuwa inarusha kutoka mlima Loma Prieta, huko kusini, mpaka ilipohamia San Bruno mwaka 2005. Zaidi ya miaka mitatu watu wa kaskazini ya ghuba wanahangaika.

Mimi sitaki sheria ya kumzuia mtandao kuondoka. Nataka iwe hivi: ukihama, unakohamia kufike kunakofika ulikotoka. Masafa ni ya umma.

Mpita Njia

Nyote mnajadili kana kwamba kituo cha mji ni cha mji. Ansin alikuwa mtu mmoja anayeishi Miami, alifariki 2020. Wa aina yake wamebaki wangapi? KRON ni ya Nexstar, kampuni kubwa kuliko zote kwa vituo, ambayo mwaka 2022 ilinunua asilimia 75 ya mtandao wa CW. Septemba 2023 ikaipeleka CW kwenye KRON yake yenyewe. Yaani sasa mwenye kituo na mwenye mtandao ni mtu mmoja.

Na mliona Septemba 2025: mwenyekiti wa FCC, Brendan Carr, alimkaripia hadharani mchekeshaji Jimmy Kimmel, Nexstar na Sinclair, kampuni nyingine yenye vituo vingi, wakasema hawatakirusha kipindi chake kwenye vituo vyao vya ABC, na siku hiyo hiyo ABC ikakisimamisha. ABC ilipokirudisha baada ya siku chache, hao wawili waliendelea kukizuia kwa muda kabla ya kulegea. Haki ya kituo kukataa kipindi cha mtandao iliwekwa ili mzee wa mji aseme "hiki hakiwafai watu wangu". Sasa anayesema hivyo yuko ofisini Texas au Maryland na anaamua kwa miji mingi kwa mpigo, huku akihitaji ridhaa ya tume hiyo hiyo ili anunue vituo zaidi. Mkiipa FCC fimbo ya kuamua nani amwache nani, mjue mnaikabidhi kwa nani.

Mleta mada

Mama Kauli, la hoteli nakubali ni doa, ila hilo ni suala la mhariri. WJXT ya Jacksonville iliachana na CBS Julai 2002, ikakaa bila mtandao, ikajenga jina kwa habari za kawaida za mji, bila utepe wa polisi kila dakika. Kwa KRON tutazidi kubishana, maana bado nasema aliyelipa milioni 823 bila mkataba wa NBC mkononi alicheza kamari.

Mpita Njia, umeisemea hoja yangu kuliko mimi.

Fundi, pendekezo lako ndilo linalonisumbua, maana ni la haki na halimlindi mvivu. Lakini litapima nini? Leo wengi wanapata vituo kwa kebo na intaneti.

Mama Kauli

Mwacheni Fundi. Na wewe mleta mada kuna jambo hukuligusa. Usiku wa Andrew, mtu aliyekaa hewani saa 23 mfululizo kuwaongoza watu wa Miami alikuwa Bryan Norcross wa WTVJ, kituo kilichonunuliwa na mtandao. Sasa hapo nani alikuwa kituo cha mji?

Fundi Dishi

Mkuu, usiku kama ule kebo inakatika na umeme unakwenda. Watu walijificha chooni na kabatini na redio za betri, na sauti ya Norcross iliwafikia kwa sababu redio nazo ziliirusha. Kipimo changu ni hicho: zima kebo, zima intaneti, halafu hesabu nyumba ambazo bado zinakipata kituo. Idadi ikishuka kwa sababu mtandao umehama, mtandao ulipe mnara.