Kupima mafuta na maji kwa ultrasaundi: modeli inakosea siku ikibadilika

MkondoWima

Wakuu, habari za kazi. Hapa Dar tuna kisima cha majaribio: bomba wima la akriliki, kipenyo cha ndani milimita 50, urefu mita 3. Maji na mafuta ya alizeti yanapandishwa na pampu moja kutoka tangi moja. Vihisi viwili vya piezo (vinavyogeuza umeme kuwa sauti na sauti kuwa umeme) vya 1 MHz vimebanwa nje ya bomba juu ya kabari za akriliki za nyuzi 45, kimoja kinatuma na kingine kinapokea. Kila sekunde tunachukua spektra ya Doppler, yaani jinsi masafa ya mwangwi yanavyohama kwa mwendo wa matone, na kuilisha mtandao wa neva (programu inayojifunza kutokana na mifano), nao unatoa asilimia ya maji na kasi.

Kwenye data za majaribio kosa la asilimia ya maji halifiki 2. Kesho yake asubuhi, mchanganyiko uleule, linafika 15. Halafu kasi tunayokokotoa kwa fomula ya Doppler inatoka karibu nusu ya ile tunayopata kwa ndoo na saa. Tuongeze tabaka za mtandao, au shida iko kwenye vihisi?

KabariNaGrisi

Mkuu, vihisi viache. Hiyo nusu ni ya fomula. Bila shaka mmeweka kosaini ya 45 na kasi ya sauti 1,500 m/s. Nyuzi 45 ni pembe iliyomo ndani ya kabari; mawimbi yakiingia kwenye maji yanapinda, yanabaki kama nyuzi 23 kutoka kwenye mstari unaokata bomba moja kwa moja. Tumieni saini ya 45 pamoja na kasi ya sauti ya akriliki, kama 2,730 m/s. Mchanganyiko ukienda 0.5 m/s, masafa yatahama kwa takriban Hz 259. Hesabu yenu ilikuwa inangojea 471.

Kuna faida kubwa hapo: kwa kabari za nje, uwiano wa saini ya pembe na kasi ya sauti haubadiliki kutoka kabari hadi ukuta hadi kimiminika. Kwa hiyo mafuta yakizidi au maji yakizidi, fomula ya kasi haihitaji kusahihishwa. Kinachobadilika kidogo ni kabari yenyewe ikipata joto.

Ndoo ya lita 20 kwenye bomba hilo, kwa 0.5 m/s, inajaa kwa sekunde 20 na ushee. Rudieni mara tano kila hatua. Na angalieni grisi iliyo kati ya kabari na bomba: ikikauka au ikiingia hewa, nguvu ya mwangwi inashuka, na mtandao utadhani matone yamepungua.

JotoKwanza

Hilo la kesho yake asubuhi lina sababu mbili, na zote ziko nje ya mtandao.

Ya kwanza, mmegawaje data? Kama vipande vya sekunde moja vya mzunguko mmoja (jaribio moja tangu pampu kuwashwa hadi kuzimwa) vimechanganywa, vingine mafunzo vingine majaribio, basi modeli imejaribiwa kwa kitu ilichokwisha kukiona. Sekunde ya 40 na ya 41 ni mapacha. Tengeni mizunguko mizima, tena ya siku tofauti. Kosa litapanda, lakini ndilo kosa la kweli.

Ya pili ni joto. Kwa joto la nyuzi 30 za Selsiasi sauti husafiri kwenye maji kwa 1,509 m/s, na kwenye mafuta ya alizeti karibu 1,440. Joto likipanda, kwenye maji inaongezeka kama 2 m/s kwa kila nyuzi, kwenye mafuta inapungua zaidi ya 3. Tofauti nzima kati ya mafuta matupu na maji matupu ni kama 70 m/s tu, kwa hiyo mkitumia kasi ya sauti kukadiria maji, nyuzi moja ya kosa upande wa mafuta ni karibu asilimia 5 ya maji. Mnato nao unashuka, ukubwa wa matone unabadilika, spektra inabadilika.

Wekeni kipimajoto ndani ya mkondo, jirani na kabari, namba yake iingie kwenye modeli. Ongezeni jozi ya vihisi vinavyotazamana moja kwa moja: kukata milimita 50 ni mikrosekunde 33.1 kwenye maji, 34.7 kwenye mafuta. Na msipandishe asilimia ya maji 0, 10, 20 hadi 100 kwa mpangilio. Pampu inapasha mafuta moto kadiri inavyozunguka, kwa hiyo modeli itajifunza saa badala ya maji. Mpangilio wa hatua uchaguliwe kwa bahati nasibu.

Mkimaliza hapo, jaribuni miti ya maamuzi (modeli nyepesi ya maswali ya ndiyo au hapana) kabla ya mtandao wa neva. Kwa mizunguko 50 hivi inatosha, na itawaonyesha kipimo kipi kina uzito.

MkondoWima

Asante sana wakuu, ni kweli tulichanganya vipande. Asilimia ya maji tunaandika ile tuliyomimina kwenye tangi. Hiyo ni sawa?

TangiMbili

Hapana mkuu. Tangini mafuta yanapanda juu, pampu inanyonya chini, kwa hiyo hamjui kinachoingia. Tangi mbili, pampu mbili, kila mkondo upimwe kabla ya kukutana. Vihisi vikae mita 2.5 juu ya makutano. Pampu moja ya mapanga yanayozunguka pia inasaga matone mpaka mchanganyiko unakuwa kama maziwa, na hautulii upesi.

Hata mkifanya hivyo, maji yanayotoka si sawa na maji yaliyomo bombani. Matone ya mafuta hupanda kwa kuyapita maji kwa karibu 0.1 m/s. Mkondo ukiwa 0.2 m/s na nusu yake maji, ndani ya bomba maji yanaweza kukaribia theluthi mbili. Doppler nayo inasoma matone, kwa hiyo kasi inayotoka ni ya mafuta. Andikeni asilimia zote mbili za maji, ya yanayopita na ya yaliyomo bombani. Kilichomo bombani mtakipata kwa kufunga vali mbili kwa pamoja, juu na chini, na kusoma kimo baada ya kutulia.

Mdomo wa bomba la kurudishia uzame ndani ya tangi. Tone la mafuta hurudisha chini ya asilimia 1 ya nguvu ya sauti, kiputo cha hewa karibu yote, kwa hiyo viputo vichache vinafunika mafuta yote. Ndiyo maana modeli hii msiipeleke Songo Songo wala Mnazi Bay. Kule ni visima vya gesi.