Kikundi cha Kina Mama, Leicester: baada ya msiba wa mtoto

Bi. Rukia: Assalaam alaykum, kina mama. Mwenzetu aliyefiwa ghafla na mtoto wa miezi mitatu aliyekuwa amelala amejitoa kikundini, na sababu tunaijua: aliulizwa humu humu, mbele ya watu wote, alimlaza vipi mtoto usiku ule. Polisi wameshamuuliza hayo. Yatosha.

Mama Zainabu: Alaykum salaam. Hilo la polisi ndilo lililotutia hofu. Walifika na daktari, wakakagua chumba, wakaondoka na shuka za mtoto, na mpaka leo maiti haijatolewa. Baba yake anajiona mtuhumiwa.

Neema (mkunga): Si mtuhumiwa, Mama Zainabu. Hapa Uingereza kila kifo cha ghafla cha mtoto mchanga huchunguzwa hivyo, awe wa tajiri au wa maskini. Kwetu sisi tuliozoea kuzika siku hiyo hiyo, kungoja huko ni msiba juu ya msiba. Na hata baada ya uchunguzi, mara nyingi chanzo hakipatikani. Anayesema "angefanya hivi asingekufa" anasema asilolijua.

Mama Zainabu: Nimekuelewa. Ila binti yangu anajifungua mwezi ujao, na sasa hapati usingizi kwa woga. Nimwambie nini?

Neema (mkunga): Mtoto alale chali, mchana na usiku, kwenye kitanda chake chenye godoro gumu na tambarare, bila mto wala midoli, ndani ya chumba anacholala mama yake, kwa miezi 6 ya kwanza. Sigara isivutwe karibu naye, na kunyonyesha kunamkinga pia. Tangu kampeni ya kulaza watoto chali ianze hapa mwaka 1991, vifo hivi vimepungua kwa zaidi ya robo tatu. Kinachonisumbua katika nyumba zetu ni sofa na kofia. Mama aliyechoka hunyonyesha kwenye sofa, usingizi ukamchukua na mtoto kifuani, na hapo hatari ni kubwa kuliko hata kitandani. Tena kwa kuogopa baridi tunamvika mtoto sweta, kofia na blanketi mbili katika nyumba yenye hita, ilhali chumba cha nyuzi 16 hadi 20 kinamfaa, na joto lake hutoka kupitia kichwani.

Shangazi Mwanaisha: Mwanangu, wangu wote niliwalaza kifudifudi ili wakicheua wasipaliwe.

Neema (mkunga): Hata madaktari wa hapa walifundisha hivyo zamani, Shangazi. Lakini mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa anayocheua hayaingii kwenye njia ya hewa kwa urahisi.

Bi. Rukia: Ahsante, Neema. Wazazi wakitaka mtu wa kuzungumza naye, shirika la Lullaby Trust lina simu ya bure kwa wafiwa. Siku akishika mimba nyingine, upo pia mpango wa CONI (utunzaji wa mtoto anayefuata) wa kumfuatilia kwa karibu, lakini hilo lisitajwe sasa. Na tafadhali, asiambiwe kwamba Mungu atampa mwingine. Huyu alikuwa na jina. Tumtaje kwa jina lake.

Shangazi Mwanaisha: Mimi nimetoka kwake sasa hivi. Watoto wakubwa wamekula, chakula cha kesho nitapeleka mimi. Ila maziwa yamemjaa, kifua kimekuwa kigumu na kinamuuma, naye anaona haya kusema.

Neema (mkunga): Nitampitia leo jioni nikitoka zamu. Asikandwe kwa maji moto kabla sijafika.