Hedifoni au kadi ya sauti? Uwezo wangu ni kununua kimoja tu

MamaUsiku

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kabla sijapoteza pesa.

Nacheza gemu ya kurushiana risasi, Counter-Strike 2, usiku, mtoto akishalala. Ana miezi minane, yuko chumba cha pili na mlango nauacha wazi, kwa hiyo spika siwashi, navaa hedifoni. Ninazo za zamani, zile za gemu zenye maiki ya kukunja, na kwenye boksi ziliandikwa 7.1, yaani sauti ya kukuzunguka pande zote. Zinanisumbua kwa mambo matatu.

Kwanza, sikio la kushoto lina mlio kama nyuki aliyefungiwa chupani. Nikisogeza mausi mlio unabadilika, mechi ikianza unapanda. Nikiacha kila kitu unatulia lakini hauishi.

Pili, mtu akinijia nasikia vishindo vyake vizuri tu, ila sijui kama yuko mbele au nyuma. Jana tulibaki mimi na adui mmoja, namsikia kabisa anatembea, nikaelekeza bunduki mlangoni, kumbe yuko mgongoni kwangu. Kushoto na kulia sikosei.

Tatu, navaa miwani. Ikipita saa moja mikono ya miwani inanichimba juu ya masikio mpaka navua vyote.

Kaka yangu anasema ninunue kadi ya sauti ya kuchomeka ndani ya kompyuta, eti itamaliza yote. Wenzangu wa timu wanasema hedifoni mpya. Pesa niliyoweka inatosha kimoja. Nianze na kipi?

FundiNyaya

Dada MamaUsiku, shika hiyo pesa kwanza. Umetaja magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake, na mawili pengine utayatibu bila kununua kitu.

Tuanze na nyuki. Mlio unaobadilika ukisogeza mausi hautoki kwenye hedifoni, unatoka ndani ya kasha la kompyuta. Bila shaka umechomeka tundu la mbele. Tundu lile linaunganishwa na ubao mama kwa kebo nyembamba inayokatiza ndani ya kasha, mara nyingi ikipita karibu na kadi ya michoro. Kadi ya michoro ikipata kazi huvuta umeme kwa kushtukashtuka, na ile kebo inadaka vurugu hizo kama antena. Ndiyo maana mechi ikianza nyuki anapata nguvu. Zungusha kompyuta, chomeka kwenye tundu la kijani la nyuma, maiki kwenye la waridi. Usicheze muziki wowote. Sogeza mausi, sikiliza. Ukiweza, zichomeke hedifoni hizohizo kwenye kifaa kingine. Zikiwa kimya huko, ni nzima.

Kama hata nyuma mlio upo, hapo ndipo utafute kadi ndogo ya sauti ya USB, ile inayokaa nje ya kasha. Ya ndani anayoisema kaka yako itakuwa jirani na kadi ya michoro, yaani umehama nyumba ila mtaa ni uleule. Simlaumu, maana zamani angekuwa sahihi kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, hesabu za sauti ya gemu zilifanywa na kadi yenyewe. Kampuni ya Aureal walikuwa na teknolojia ya A3D, Creative walikuwa na EAX kwenye kadi zao za Sound Blaster, na mtu asiye na kadi alikuwa anasikia gemu nyingine kabisa. Ilipokuja Windows Vista, Microsoft waliondoa njia kuu iliyokuwa inaruhusu gemu kuikabidhi kadi hesabu hizo. Tangu hapo anayezifanya ni prosesa, na kadi imebaki na kazi ya kugeuza namba kuwa umeme wa kusukuma hedifoni. Kazi hiyo ubao mama wa siku hizi unaifanya vizuri, tatizo ni huyo nyuki tu.

Sasa la mbele na nyuma. Hili nimelihangaikia miaka.

Sauti ikitoka kulia hufika sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto. Tofauti yake haitimii hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo unaikamata, na ndiyo maana pembeni hukosei. Ila mtu aliye mbele yako sawasawa na aliye nyuma yako sawasawa, sauti zao zinagonga masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Hapo ubongo unategemea mikunjo ya sikio la nje. Papasa sikio lako uone lilivyojikunja. Mikunjo hiyo huichuja sauti ya nyuma kwa namna moja na ya mbele kwa namna nyingine. Hedifoni inakuletea sauti ubavuni, kwa hiyo mikunjo haina cha kukuambia, na lazima mtu aigize mchujo huo kwa hesabu. Hesabu hiyo ndiyo inaitwa HRTF. Counter-Strike iliipata mwaka 2016, enzi za toleo lililotangulia, Global Offensive. Gemu nyingine, Valorant, wameiweka kwenye mipangilio ya sauti, unawasha mwenyewe.

Kwa hiyo gemu inakupa sauti iliyokwisha kuchujwa, halafu 7.1 ya hedifoni zako inaichukua na kuichuja mara ya pili. Ni kama kuvaa miwani juu ya miwani. Zima 7.1 kwenye programu ya hedifoni. Kwenye Windows hakikisha Windows Sonic na Dolby Atmos, ambazo nazo zinachuja sauti hivyohivyo, zote zimezimwa. Gemu iachwe peke yake ifanye kazi yake.

Kisha jipime. Fungua mechi ya faragha na mwenzako mmoja, simama palepale, fumba macho, yeye akuzunguke na kusimama popote anapotaka, wewe sema mbele au nyuma. Mara kumi 7.1 ikiwa imewashwa, mara kumi ikiwa imezimwa. Na ukiwa ndani ya mechi, ukisikia kishindo usichojua kiko upande gani, geuza mausi kidogo kulia. Sauti ikihamia sikio la kushoto, mtu yuko mbele yako. Ikihamia la kulia, yuko nyuma. Binadamu hufanya hivyohivyo kwa shingo bila kujua.

Lete majibu, ndipo tuzungumze kununua.

KasiYaUmeme

Mimi ningesema achukue za Bluetooth amalize. Mtoto wa miezi minane akianza kutambaa anavuta kila waya anaouona.

FundiNyaya

Mkuu, la waya na mtoto umenena. Ila Bluetooth ina mtego. Ukiwasha maiki ya hedifoni zilezile ili uongee na timu, kwa kawaida kompyuta inahamia njia ya mazungumzo ya simu: stereo inakufa, sauti inakuwa nyembamba kama ya simu ya mezani. Lilinikuta katikati ya mashindano na marafiki, nikabaki sijui hata kushoto ni wapi. Halafu kuna kuchelewa: risasi unaiona, mlio unakuja baadaye. Kama ni lazima iwe bila waya, zichukuliwe zile zinazokuja na kijiti chake cha USB cha 2.4 GHz. Hizo zinawahi, na stereo haipotei maiki ikiwa wazi.

MzeeKimya

Binti yangu, naongeza moja tu. Nina miaka 51 na sikio langu la kulia linalia usiku kucha, kwa sababu nilicheza miaka mingi nikipandisha sauti ili nisikie vishindo vya mbali. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kwa watoto ni desibeli 75. Kila desibeli 3 unazoongeza, muda huo unakatika nusu. Badala ya kupandisha sauti yote, weka Equalizer APO, ni programu ya bure ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba kila moja peke yake. Punguza besi ya milipuko, vishindo vitajitokeza vyenyewe. Mimi niliijua nikiwa nimechelewa.

MamaUsiku

Shikamoo mzee, asante sana. Nimeshusha sauti leo hii hii.

Wakuu, majibu haya hapa. Tundu la nyuma: nyuki hayupo. Nimesogeza mausi, nimeingia mechi, kimya kabisa. Nilikuwa sijawahi kusikia kimya ndani ya hizi hedifoni.

Jaribio la kufumba macho nimelifanya na rafiki. 7.1 ikiwa imewashwa nilipata nne kati ya kumi. Ilipozimwa nikapata nane. Mbili nilizokosa alikuwa juu ya ngazi. Hiyo ya kugeuza mausi kulia sasa naifanya bila kufikiri.

Kwa hiyo pesa yangu bado ipo, na miwani bado inanichimba. Hedifoni zipi?

FundiNyaya

Safi sana dada. Basi kadi tumeshaiondoa, pesa yote iende kichwani.

Kwa hali yako ningechukua hedifoni za mgongo wazi. Zile zina wavu nyuma badala ya plastiki, kwa hiyo sauti ya chumba inaingia. Mtoto akigeuka kitandani utasikia, jambo ambalo za mgongo uliofungwa zitakuficha. Kwa gemu pia sauti inatawanyika, haikai katikati ya kichwa. Kasoro yake ni kwamba na sauti yako inatoka nje. Aliye kando yako atasikia bunduki kwa mbali. Chumba cha pili, kwa sauti uliyoshusha, hapana.

Soma namba ya ohm, yaani ukinzani wa umeme wa hedifoni, kabla ya kulipa. Mimi niliwahi kununua Beyerdynamic DT 990 Pro za ohm 250, nikazichomeka kwenye laptopu, nikafika asilimia mia sauti ikiwa bado ya kunong'ona. Hedifoni hazikuwa na kosa, zilihitaji amplifaya na mimi sikuwa nayo. Sennheiser HD 560S ni za mgongo wazi, ohm 120, na tundu la nyuma la kompyuta nyingi linazimudu. Hizo ndizo nazipenda kwako. Hazina maiki, kwa hiyo endelea na za zamani kwa kuongea mpaka upate maiki ndogo ya kubana kwenye shati. Iweke kando ya mdomo, upana wa vidole viwili, isiwe mbele ya pumzi.

La miwani liko kwenye sponji. Zako bila shaka ni za ngozi bandia ngumu. Sponji za kitambaa chenye manyoya mafupi zinabonyea, mkono wa miwani unazama ndani badala ya kukandamizwa kwenye mfupa. Na kabla ya kuvaa mara ya kwanza, zitanue juu ya rundo la vitabu lenye upana wa kichwa chako, ziache usiku mmoja. Mkandamizo unapungua.

MamaUsiku

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilichukua hizo za mgongo wazi, nikazilaza juu ya kamusi mbili na albamu ya picha. Jana nimecheza saa mbili na nusu, miwani sijaivua hata mara moja. Saa nane usiku nikasikia shuka inachakarika chumba cha pili, nikaiambia timu nakuja, nikamkuta amekaa kitandani macho wazi, hajaanza kulia.

Maiki nitanunua mwezi ujao.